SHANGAZI: Mume ataka kuuza ploti anunue yoti

*Shangazi, shikamoo. Mume wangu amelewa video za wazungu wanaozunguka dunia kwa yoti, taratibu, mwaka wa tatu sasa wako njiani. Ameamua tuuze ploti ya Mtopanga tununue chombo. Nikimuuliza tutakula nini, hunijibu polepole ndio mwendo. Nimzuie?*
Mama Watatu, Kisauni

*Shangazi, nikijumlisha saa ninazosimama kungoja feri, naona ningekuwa nimeshafika Brazil. Si afadhali nitweke tanga niende zangu?*
Mchoka Foleni, Likoni

*Shangazi, mimi ni mtu wa makontena. Meli hutoka China zikafika hapa kwa wiki chache. Anayetumia miaka mitatu kuzunguka dunia si mvivu mwenye pesa tu?*
Haraka Haraka, Changamwe

Marahaba, wanangu. Nawajibu kwa mpigo mmoja kwa sababu nyote mmejikwaa mahali pamoja: mnadhani kuzunguka dunia polepole ni habari ya chombo. Chombo ndicho rahisi. Kigumu ni kungoja. Mwenye yoti hungoja upepo ugeuke, hungoja msimu wa tufani upite, hungoja kipuri kitoke ng'ambo, hungoja muhuri wa uhamiaji. Akiwa na uwezo wa kuulipia muda huo wote, na bandari zikamruhusu kungojea kwao, atazunguka dunia hata kwa chombo kikuukuu. Akikosa mawili hayo, mpeni yoti yenye kiyoyozi na bado safari yake itaishia Shimoni.

Nianze nawe wa Changamwe. Ni kweli mwendo wa yoti ndogo ni wa aibu: kama kilomita 9 kwa saa, na bodaboda ya Mikindani ingeipita ikiwa na abiria wawili na gunia la makaa. Lakini anayeamua mwendo huo ni majira, si uvivu. Kusini mwa Bahari ya Hindi tufani huvuma zaidi kati ya Novemba na Aprili. Huko Karibi ni Juni hadi Novemba. Baharia hupenya katikati, miezi akiwa nangani, wiki chache akiwa mbioni. Meli zako za Kilindini zina injini, na mafuta yake hulipwa na mwenye shehena. Pwani hii ilishamfunza somo hilo mgeni mwenye haraka. Vasco da Gama alitoka Malindi Aprili 1498 akiwa na rubani mjuzi, kusi ndiyo inaanza, na hata mwezi haukuisha akawa Calicut. Wakati wa kurudi hakusubiri kaskazi ishike. Aling'oa nanga pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, akahangaika na shwari na upepo wa mbele kwa miezi mitatu, kiseyeye kikamuulia mabaharia wapatao 30, na alipoiona Malindi tena Januari 1499 hakuwa na watu wa kutosha kuendesha merikebu zake. Moja, São Rafael, ilibidi aitie moto mwenyewe kusini mwa Mombasa. Sasa niambie, hapo aliyechelewa ni nani?

Najua, Mama Watatu, mumeo atadakia hapo hapo: basi hata manahodha wa majahazi walikwenda polepole, na hawakuwa matajiri. Kweli kabisa. Vyombo vya Arabuni na Ghuba vilikuja na kaskazi, vikarudi na kusi, na kati ya pepo hizo mbili vikakaa bandarini kwetu wiki na miezi. Alan Villiers, baharia wa Australia, alisafiri na jahazi la Kuwait la nahodha Ali bin Nasr al-Najdi mwaka 1938 na 1939, wakapita Lamu, Mombasa na Unguja hadi Rufiji kupakia boriti. Lakini tazama walivyongoja: wakiuza, wakinunua, wakipakia. Kungoja kwao kulikuwa na faida ndani yake. Hata Joshua Slocum, mtu wa kwanza kuzunguka dunia peke yake kwa tanga, kati ya 1895 na 1898, hakuuza ploti. Alipata mashua mbovu iitwayo Spray, yenye urefu wa kama mita 11, akaijenga upya kwa mikono yake kwa miezi 13. Vifaa vilimgharimu dola 553 na senti. Njiani alitoa mihadhara watu wakalipa kiingilio. Na kabla ya hayo yote alikuwa nahodha wa meli za biashara kwa miaka mingi.

Kwa hiyo usimuulize mumeo bei ya yoti. Muulize kama anajua kalafati. Mpeleke kwa fundi wa majahazi maji yakiwa yamekupwa, chombo kimeegemezwa kwa magogo, amtazame anavyosokota pamba yenye mafuta, akaishindilia kwa patasi na nyundo katika kila ufa, ubao kwa ubao, kisha chini akapaka shahamu iliyochanganywa na chokaa. Yoti ya kisasa ni ya fiberi, lakini nayo hudai vivyo hivyo: rangi ya chini, kamba, matanga, injini. Asiyejua kuifanya kazi hiyo ataajiri anayejua, na pesa za Mtopanga zitakuwa zimekwisha kabla hajavuka nusu ya dunia. Akifika Panama, ajue kila yoti inayopita mfereji sharti iwe na watu wanne wa kushika kamba, mbali na anayeshika usukani. Wewe na watoto mnatimia wanne kamili. Umeshaajiriwa, bila mshahara.

Nawe wa Likoni, usijidanganye kwamba foleni ya feri imekufanya baharia. Kungoja kwako ni kwa kulazimishwa. Huwezi kusema leo upepo si mzuri, nitavuka Ijumaa. Baharia wa yoti hununua haki ya kuchagua, na haki hiyo huanzia kwenye pasipoti. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku hizi hupewa fomu ya viza, tena kabla hajafika. Mkenya akitaka kutia nanga Ulaya au Marekani huombwa viza hata kama amekuja kwa tanga lake mwenyewe, na ubalozini huulizwa tarehe ya kufika na tarehe ya kuondoka. Upepo hautoi tiketi yenye tarehe. Wale wa kwenye video wana pasipoti zinazowafungulia visiwa vingi bila kuulizwa, na hilo kamera haionyeshi.

Mtaniambia nawakatisha tamaa, eti bahari nimewaachia wazungu. Sivyo. Hata wao bahari huwarudi: Oktoba 2009 wanandoa wa Uingereza waliokuwa wakitoka Ushelisheli kuelekea Tanzania walitekwa na maharamia wa Kisomali, wakashikiliwa zaidi ya mwaka. Slocum naye alikusudia kupita Suez. Alipoonywa Gibraltar habari za maharamia, aligeuza akavuka Atlantiki upya. Ninachosema ni kwamba polepole yenye maana ni ile ambayo kila kituo kina kazi. Ushahidi uko Lamu: jahazi la Flipflopi, lililoundwa kwa kama tani 10 za plastiki iliyookotwa, lilisafiri hadi Unguja mapema 2019, kilomita zipatazo 500. Njia nzima lilikuwa likitua kuzungumza na watu kuhusu taka za baharini. Halikuzunguka dunia, lakini kila siku ya kutua ilikuwa siku ya kazi.

Basi hukumu yangu ni hii. Wa Changamwe, omba radhi kwa wanaokwenda na majira. Wa Likoni, uliza masomo katika Bandari Maritime Academy, kisha upite Mtwapa na Kilifi, zinakotia nanga yoti za wageni, ukatafute nafasi ya ubaharia. Wao watangoja kwa pesa zao, nawe utajifunza ukilipwa. Mama Watatu, mumeo mtafutie nafasi katika jahazi kwa kusi moja tu, afue maji ya ngama. Akirudi bado anataka kuzunguka dunia, zungumzeni. Ila ploti ni ya kukodisha, haiuzwi, na hati yake ikae kwa mamako.