Karo Limejaa Kabla ya Mwaka wa Fedha

Kwa Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya (jina nalihifadhi, lisije likanuka).

Yah: Karo kujaa bila kibali

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza pokea pongezi. Siku zile za kampeni ya Nyumba ni Choo, bwana afya alipita huku na daftari, na asiye na choo bora alitozwa faini. Tulitii. Tukafukia mashimo ya babu zetu, tukauza mbuzi, tukaweka choo cha kuvuta na karo la vyumba viwili, na nyuma yake shimo la kunyonya. Bwana afya akaweka tiki. Nasikia tiki hiyo imefika hadi mkoani.

Tatizo dogo lililobaki ni kwamba choo hicho kinatumiwa. Daftari lina safu ya "kipo" na safu ya "hakipo". Ya "kimejaa" hakuna aliyeifikiria.

Masika yalipokolea, maji ya ardhini yakapanda na shimo la kunyonya likagoma kunyonya. Fundi alishatueleza: tope hutuama chini ya karo, mafuta na povu huelea juu, maji ya katikati ndiyo huenda kuzama ardhini. Ardhi ikishiba, maji hayo hayana pa kwenda ila kule yalikotoka. Choo kikaanza kukoroma usiku, bafu likatoa mapovu, na Jumapili asubuhi, wakwe wakiwa sebuleni, mzigo ukapanda kutusalimia.

Nikapiga simu ofisini kwako. Nilipokelewa kwa adabu, hilo sitalificha. Kijana akauliza kama dharura hiyo imepitia kwa mwenyekiti wa kitongoji. Nikamwambia imepitia bafuni. Akanielekeza: barua kwa mwenyekiti, muhuri wa mtendaji wa kijiji, halafu kata, ndipo kwako. Gari la kunyonya lipo mjini, ila barabara yetu haipitiki wakati wa mvua. Hata ikipitika, nalipia kilomita za kwenda na za kurudi, maana mzigo sharti ukamwagwe kwenye mabwawa ya majitaka huko huko mjini. Nikapiga hesabu: fedha hizo zinatosha kuchimba choo cha shimo. Yaani kile tulichofukia.

Suala langu, akaniambia, litaangaliwa mwaka mpya wa fedha. Ndugu Mkurugenzi, mvua za masika huanza Machi; mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Naomba idara ya mipango ikae na mawingu waelewane. Julai ardhi itakuwa imekauka, karo limetulia, na mkaguzi wako ataandika kwa moyo mweupe kwamba hakuona tatizo.

Wakati tunasubiri, vijana wawili walikuja na ndoo, kamba na chupa ya mafuta ya taa ya kuua harufu, wakataka kuzama ndani ya karo. Niliwazuia, na huenda nimehujumu sera ya vijana kujiajiri. Mle ndani mna hewa inayonuka kama mayai viza. Ikizidi, huua pua kwanza; mtu hudhani harufu imekwisha, kumbe zamu yake ndiyo imefika. Anayeruka kumwokoa humfuata. Mafuta ya taa hayaiondoi hewa hiyo, na humo humo mna gesi inayowaka, ikimsubiri mvuta sigara wa kwanza. Hayo sikuyaona kwenye kipeperushi chako. Niliona picha ya mama akinawa mikono huku anatabasamu.

Jirani yangu alichagua njia ya mkato. Alingoja mvua kubwa ya usiku, akatoboa karo lake, mzigo ukateremka bondeni kiliko kisima cha kijiji. Kwenye daftari yeye sasa ana choo kinachofanya kazi vizuri. Sina wasiwasi: kikizuka kipindupindu, barabara ile ile isiyopitika itapitika, tena kwa magari yenye viyoyozi.

Sisi wengine tumefunga maji, maji ya kufulia tunamwaga migombani, na haja tunakwenda kwa mzee mmoja mkaidi aliyekataa kufukia shimo lake akatozwa faini. Anatoza shilingi mia mbili kwa kila anayeingia. Faini yake imesharudi na faida juu.

Ombi langu si mtambo wa mabilioni. Kule Dar es Salaam wapo vijana wanaonyonya vyoo kwa pampu ya mkono iitwayo Gulper, wamesimama juu ya shimo, hawazami. Pampu kama hiyo ikae kwenye kata, vijana wetu wafundishwe, na pachimbwe mahali halali pa kumwaga, mbali na visima. Safu ya tatu kwenye daftari nitaichora mwenyewe kwa rula.

Nasikia Ijumaa unakuja kukabidhi cheti cha kijiji bora kwa usafi. Karibu sana, mwenyekiti ameshaagiza pilau. Tunachokuomba ni kimoja tu: uje umeshajisaidia huko mjini.

Wako mtiifu,
Mwananchi mwenye choo bora