Hotuba Tukufu ya Daktari wa Majumba

Daktari wa Majumba hana cheti. Si kwamba alikitafuta akakikosa. Kwa maelezo yake mwenyewe, hakuna chuo nchini chenye mwalimu wa kumtahini. Udaktari alijitunuku siku alipomaliza kuezeka nyumba yake, na tangu hapo ameutumia kwa ukarimu kwenye vikao vya harusi, kwenye matanga, kwa kinyozi na popote penye watu watatu waliokaa mahali pasipo na njia ya kutorokea. Mwishoni mwa Februari, masika yakiwa yananukia, mwenyekiti wa mtaa mmoja wa Dar es Salaam alipitiwa akamkabidhi kipaza sauti.

Mada ilikuwa usalama na matunzo ya nyumba. Daktari alivaa suti nzito isiyo na uhusiano wowote na joto la mwezi ule, akakohoa mara kadhaa ili watu wapate muda wa kumtazama, kisha akafungua: "Ndugu zangu wenye nyumba, na nyinyi wapangaji mtakaosikiliza kwa adabu, leo mtaondoka hapa mmekuwa mafundi. Si wote, maana kichwa ni kipaji, lakini wengi wenu."

Alianza na umeme. Mfukoni mwa koti alitoa plagi, akaiinua juu kila mtu aione.

"Hii ina miaka minne. Haijawahi kuunguza fyuzi."

Ni kweli haijawahi. Ndani yake hamkuwa na fyuzi ya kuungua. Palikuwa na karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, imesokotwa vizuri na kushindiliwa mahali pa fyuzi. Fyuzi, kwa mujibu wa Daktari, ni hila ya wenye viwanda ili wananchi waendelee kununua fyuzi.

Wenye viwanda wana hila zao nyingi, lakini katika hili wanaonewa. Plagi ya pini tatu bapa tuliyorithi kwa Waingereza hubeba fyuzi isiyozidi ampia 13. Kwa umeme wa volti 230 hiyo ni takriban wati 3,000, na hapo ndipo mwisho. Birika la umeme peke yake hula kama wati 2,000, na pasi nyingi hupita 1,000. Ukivichomeka vyote viwili kwenye ekstensheni moja, ukaongeza na kikaango cha chipsi, fyuzi inatakiwa ikate, kwa sababu kukata ndiyo kazi yake pekee duniani. Pakikaa karatasi ya sigara, kitakachoyeyuka ni waya wenyewe, ndani ya ukuta au chini ya zulia, mahali ambapo hakuna anayeuona mpaka pazia limeshika moto. Soketi hutoa taarifa mapema: inapata joto, inageuka rangi ya kahawia, inanuka plastiki. Dalili hizo Daktari anazifahamu. Aliziita "soketi kuzoea kazi".

Binti mmoja aliyekaa nyuma, fundi umeme aliyepitia VETA, alinyoosha mkono.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti yangu. Uliza kwa kifupi, elimu hii ni nzito."

"Nyumbani kwako umefunga kile kifaa kinachokata umeme unapovuja? Chenye kitufe cha kujaribia?"

"Sikihitaji," alijibu Daktari. "Mimi nina LUKU. Uniti zikiisha, hatari nayo inaisha."

Watu walipiga makofi, baadhi yao kwa dhati.

Kifaa alichokiulizia binti hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Zikipotea miliampia 30 tu, pengine kwa kupitia mwilini mwa mtoto aliyeshika friji yenye hitilafu, hukata kabla moyo haujavurugika. Kile kitufe kiliwekwa ili kibonyezwe mara kwa mara, mwenye nyumba ajue kama kifaa bado kiko hai. Katika nyumba nyingi mtu wa mwisho kukibonyeza alikuwa fundi aliyekifunga. Kazi ya kukifunga, pamoja na ya waya wa athi, ule wa kijani na njano, inatakiwa ifanywe na mtu mwenye leseni ya EWURA, sharti ambalo Daktari alilieleza kuwa ni "kwa wale wasiojiamini".

Alipofika kwenye gesi, viti vya mbele vilianza kusogea nyuma. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, kwa hiyo kila siku mitungi inaingia katika nyumba ambazo hazijawahi kuwa nayo. Daktari aliiona nafasi yake katika historia. "Utajuaje kama mtungi unavuja?" aliuliza, na kabla hajajibiwa alitoa kiberiti. "Washa njiti, ipitishe hapa kwenye mpira. Ukiona moto, unavuja."

Kama njia ya kupata jibu, hiyo haina ubishi. Ubaya wake ni kwamba jibu halimbakizi aliyeuliza.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi ikatokea dirishani. Hushuka, ikatambaa sakafuni, ikajaa pembe za chini na kusubiri cheche. Kiasili haina hata harufu. Ile inayokera pua huongezwa kwa makusudi ili watu washtuke mapema. Kipimo chake ni povu la sabuni: lipake kwenye maungio ya regyuleta na mpira, na panapovuja patatoa mapovu. Ukiisikia harufu, funga valvu, fungua milango na madirisha, na usiguse swichi yoyote, iwe kwa kuwasha au kwa kuzima, kwa kuwa vyote viwili vinaweza kutoa cheche. Mpira nao huzeeka. Ukiukunja ukaonyesha nyufa, ubadilishe, na mpya uufunge kwa klipu yake. Wa Daktari umefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, jambo alilolitaja kwa fahari ya mzazi aliyesomesha.

Jiko la mkaa alilipita haraka. "Kulala na jiko ni tatizo la watu wa Njombe na Lushoto. Sisi huku tuna joto letu." Ni kweli kwamba kwenye baridi ndiko mtu huingiza jiko chumbani usiku, akafunga dirisha, na asiamke, maana kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu na haimshtui aliyelala. Lakini moshi wa jenereta una hewa hiyo hiyo, na Dar es Salaam umeme ukikatika wako wanaoiwasha jenereta koridoni ili isiibwe. Ya Daktari iko koridoni.

Kisha akafika kwenye maji, na hapo ndipo kipaji chake kilipochanua.

"Ukuta ukitoa unyevu, paka rangi. Ukitoa tena, paka rangi nzito zaidi." Alivua miwani, akapandisha sauti, akavuka bahari kwa mdomo hadi Zanzibar. "Beit el-Ajaib! Mwaka 1896 Waingereza wameipiga mizinga Unguja, jengo limesimama. Nani alikuwa akihangaika nalo? Nyumba nzuri hujitunza yenyewe!"

Katika maneno hayo kuna nusu ya ukweli. Sultani Barghash alilijenga jengo hilo mwaka 1883, na tarehe 27 Agosti 1896, katika vita visivyofika saa moja, manowari za Waingereza ziliyavuruga majumba ya kifalme ya jirani na kuliacha Beit el-Ajaib limesimama. Nusu ya pili Daktari hakuifikia. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jengo hilo iliporomoka wakati mafundi wakiwa kazini kulikarabati, na watu wawili walifariki. Kwa miaka kadhaa kabla ya siku hiyo lilikuwa halipokei wageni kwa sababu ya uchakavu. Kilichoshindikana kwa mizinga kilifanywa na miaka ya kusubiri matengenezo.

Majumba ya Mji Mkongwe yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene zinazonyonya unyevu na kuutoa tena. Fundi akija na saruji akapiga lipu ngumu juu ya chokaa, maji yaliyoingia hukosa pa kutokea, yakaendelea kuula ukuta kwa ndani huku kwa nje ukipendeza. Nyumba zetu za tofali za saruji zina ugonjwa wa namna nyingine. Pwani, chumvi ya hewani, na zaidi ile inayoletwa na mchanga wa baharini usiooshwa, hupenya mpaka kwenye nondo. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, hivyo huisukuma zege kutoka ndani mpaka ipasuke. Ufa unaofuata mstari wa nondo kwenye bimu, tena wenye doa la kahawia, haupakwi rangi. Unaitiwa mhandisi. Daktari anao ufa wa aina hiyo juu ya mlango wa sebuleni, na ameutundikia kalenda.

Maji ya mvua huingilia wapi? Mara nyingi bati lenyewe ni zima. Kinachokufa kwanza ni kimpira kilicho chini ya kichwa cha msumari, ambacho jua hukikausha mpaka kikapasuka. Au ni gata lililojaa majani ya mwembe, likafurika kuelekea ukutani. Unyevu unaoanzia juu ya ukuta unakupeleka kwenye paa, na unaopanda kutoka chini unakupeleka kwenye msingi au kwenye bomba lililozikwa. Bomba ni rahisi kulikamata: usiku funga koki zote, soma mita, uisome tena alfajiri kabla hujafungua chochote. Namba zikiwa zimesogea, kuna mahali panapovuja, na bili unailipa wewe.

Kwa kupandia paani Daktari ana ngazi ya aina yake: meza, juu ya meza stuli, juu ya stuli mpangaji. Ngazi halisi huegemezwa kwa kipimo, kila mita nne za kimo mguu wake utoke ukutani mita moja. Ikisimama wima mno humwangusha mtu chali, ikilala mno huteleza. Wapangaji wawili waliokuwepo waliandika kipimo hicho kwenye simu zao.

Gata lililoziba lina hasara nyingine. Mbu wa homa ya dengue, iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hutaga kwenye maji yaliyotulia kwenye gata, ndoo, tairi bovu au tanki lisilo na mfuniko. Huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakimsumbui, na mayai yake huweza kukaa makavu ukingoni mwa ndoo kwa miezi yakingoja maji. Kumwaga hakutoshi, lazima ndoo isuguliwe. Daktari alipoulizwa habari za tanki lake, alisema mfuniko uliazimwa na jirani mwaka juzi, shughulini, kufunikia pilau.

Ulinzi aliuweka mwisho. "Kwangu mwizi haingii," alisema, na akaorodhesha: grili kila dirisha, milango miwili ya chuma, kufuli sita, funguo zote ndani ya kopo moja juu ya kabati, mahali anapopajua yeye peke yake. Binti wa VETA akauliza moto ukizuka usiku watu watatokea wapi. Daktari alicheka, na safari hii hakuna aliyecheka naye.

Machi 2001 moto uliteketeza bweni la wavulana katika shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, nchini Kenya. Walifariki wanafunzi 67. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yalikuwa na vyuma. Nyumba za watu watano, sita, zimejengwa kwa mpango huo huo katika mitaa yetu yote, na mwenye nyumba hulala usingizi mzuri kwa sababu anamwogopa mwizi tu. Fundi wa kuchomelea anaweza kuifanya grili moja ya chumba cha kulala ifunguke kwa ndani. Ufunguo wa mlango mkuu ukae karibu na mlango, mbali na mkono unaoweza kupenyezwa dirishani, mahali ambapo hata mtoto atapafikia gizani. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Daktari alihitimisha kwa kujishukuru. Watu walitawanyika, wengine wakamzunguka binti kuulizia bei ya kukagua nyaya. Tayari Daktari ameomba mwaliko wa pili, mwezi Juni, mada ikiwa mashimo ya choo, na ameahidi kuonyesha kwa vitendo namna mwenye nyumba anavyoshuka ndani kukagua. Hewa ya shimo la choo huweza kumwangusha mtu kwa pumzi chache, na anayeshuka kumwokoa mara nyingi huwa maiti ya pili. Mwenyekiti anaombwa akatae mapema, na msomaji mwenye namba yake ampigie leo.