Barua ya wazi kwa VETA: Semina nayo isajiliwe kuwa fani

Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi,
Dodoma.

YAH: OMBI LA KUSAJILI SEMINA KUWA FANI YA UFUNDI STADI NA ARUSHA KUWA KITUO CHAKE KIKUU

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Itifaki imezingatiwa.

Mimi ni mkazi wa Ngarenaro, hapa jijini Arusha. Nakuandikia hadharani kwa kuwa jambo lenyewe ni la fahari, na fahari hainong'onwi. Orodha ya fani zenu naijua. Uashi umo, useremala umo, umeme wa majumbani umo, ushonaji umo. Lakini fani ambayo sisi Arusha tunaimudu kuliko mkoa wowote, ile inayojaza kumbi za hoteli hata msimu wa mvua watalii wanapoadimika, haimo. Nayo ni semina.

Nasema hasa semina ya kujumuisha makundi maalum katika mafunzo ya ufundi stadi, maana hiyo ndiyo daraja la juu la fani yenyewe. Mji huu umezoea maazimio. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitoka hapa hapa, kituo cha mikutano cha AICC kikafuata mwaka 1978, na tangu hapo kuazimia kumekuwa kazi ya mji kama kuvua kulivyo kazi ya Ukerewe. Wadau hushuka KIA, hupanda Noah hadi hotelini, hukaa siku tatu wakijadili namna ya kumfikia binti wa Ngarenanyuki aliyekatisha masomo. Ngarenanyuki iko nyuma ya Mlima Meru. Mlima wenyewe unaonekana kwenye dirisha la ukumbi, mawingu yakiwa na huruma.

Usidhani ni kazi nyepesi. Mwanafunzi wa fani hii lazima ajue kujitambulisha, yeye na taasisi yake na cheo chake, kwa muda usiopungua dakika tano. Ajue kusaini karatasi mbili za mahudhurio, ya posho na ya nauli, mkono usitetemeke. Ajue kumsubiri mgeni rasmi kwa saa mbili huku uso ukitabasamu, kisha kumpigia makofi ya kilo. Kwenye kazi za vikundi ajue kushika kalamu nene na kuandika kwenye karatasi kubwa ya ukutani: "Changamoto: mwamko mdogo wa jamii." Tangu nianze kuhudhuria sijaona kikundi kilichoandika kitu kingine, na hiyo kwa fundi inaitwa viwango.

Mtihani wa mwisho ni picha ya pamoja. Hapo, ndugu Mkurugenzi, ndipo makundi maalum hujumuishwa kikamilifu. Mwenye kiti cha magurudumu hutafutwa alipo, husogezwa mbele katikati, ubavuni mwa mgeni rasmi. Mama mwenye mtoto mgongoni huambiwa ageuke kidogo mtoto aonekane. Picha ikishapigwa, kila mtu hurudi alikokuwa, wao kwao na wadau kwenye chakula cha mchana.

Naomba nikiri kwamba katika ukumbi ule mna watu wenye ufundi stadi wa kweli. Ni wale wanaomimina chai ya saa nne. Kijana anakuja kwa upande unaotakiwa, anamimina bila kumwaga tone, anaondoka kimya, na ukimuuliza alikosomea huenda akakwambia ni kwenu, chuo cha hoteli na utalii pale Njiro. Ndiye peke yake ambaye hakualikwa kuchangia mada.

Hoteli zenyewe nazisifu kwa jambo jingine. Nyingi zina njia ya mteremko mlangoni, kwa sababu masanduku ya watalii yana magurudumu. Nenda sasa kwenye karakana za kawaida anakojifunzia kijana wa mtaani, za kuchomelea, za useremala, za kushona. Mlangoni kuna kizingiti, ndani kuna ngazi mbili, na cherehani ni za kukanyaga kwa miguu. Katika mji wetu sanduku lenye magurudumu lina haki ambazo kiti chenye magurudumu bado kinazisubiri.

Sheria tunazo, nisije nikaambiwa naficha mazuri. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea ahakikishe asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Asilimia 3 ya 20 ni mtu 0.6. Hapa ndipo nawaelewa waajiri wanaosema wametafuta wakakosa. Mtu mzima ni rahisi kumpata. Sehemu sita za kumi za mtu utampata wapi?

Halmashauri nazo zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 mikopo hiyo ilisitishwa ili utaratibu urekebishwe, ikarudi mwaka uliofuata. Aliyehitimu ushonaji katikati ya hapo alikaa na cheti chake mkononi akisubiri cherehani. Semina hazikusitishwa hata siku moja. Huo nao ni ushahidi kwamba fani yetu ni imara.

Na ninyi wenyewe, ndugu Mkurugenzi, nikiwatazama naona kundi maalum. Mlizaliwa kwa sheria ya mwaka 1994 na mkawekewa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, wanayolipa waajiri juu ya mishahara. Tozo hiyo ilikuwa asilimia 6. Mwaka 2013 ikashuka hadi 5, ikaendelea kushuka, na Julai 2023 ikafika 3.5. Katika hicho kinachokusanywa, fungu lenu ni theluthi moja. Kila mwanasiasa husema jukwaani kwamba VETA ndiyo mkombozi wa vijana, kisha mkombozi anapewa theluthi. Kwenye picha ya pamoja ninyi pia mnapaswa kusogezwa mbele katikati.

Sasa niruhusu nitoke kwenye ukumbi kidogo, twende mtaani Unga Limited.

Pale kuna karakana za useremala, za mabati, wazi upande wa barabarani, maranda hadi kwenye vifundo vya miguu. Katika mojawapo yumo kijana kiziwi. Aliingia akiwa wa kufagia. Hakufundishwa na mtu; alitazama. Leo bosi wake akiwasha mashine ya kuranda, kijana hulaza kiganja juu ya meza ya mashine, anatulia kidogo, kisha anatikisa kichwa: kisu kimekuwa butu. Bosi mwenye masikio mawili mazima bado hajasikia kitu. Akiunga kitanda cha sita kwa sita cha saipresi, ulimi wa mbao anauingiza kwenye tundu lake ukabana kabla ya gundi, na ukikaa juu yake na jamaa zako watatu hakilii. Vitanda vyake vinalala kwenye nyumba za watu kuanzia Sakina hadi Moshono. Jina la kazi ni la mwenye karakana, na malipo ni ya siku.

Cheti hana. Bila cheti hawezi kuajiriwa na hoteli zile zile zenye mteremko, wala kujitokeza kwa jina lake zabuni ya madawati ikitangazwa. Na dawa yake mnayo ninyi. Mna utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi wa mtaani anapimwa kwa mahojiano na kwa vitendo, akifaulu anapewa cheti bila kurudishwa darasani kuanza moja. Katika mambo yote yaliyofanywa kwa mafundi wa nchi hii, sioni la akili kuliko hilo, na hapo sitanii. Swali langu ni dogo. Mtahini akimuuliza huyu kijana kwa mdomo kwa nini amechagua ubao huu akauacha ule, nani atamtafsiria?

Mkalimani wa lugha ya alama haagizwi Ulaya. Shika barabara ya Moshi. Ukifika Tengeru kuna Chuo cha Ualimu Patandi, kinachofundisha walimu wa elimu maalum kwa nchi nzima. Songa mbele hadi Usa River, kuna kituo cha KKKT Dayosisi ya Meru ambako vijana wenye ulemavu wamekuwa wakijifunza useremala, ushonaji na kazi nyingine kwa miaka mingi sasa. Geuka urudi mjini, pita hadi kwenye shamba la kahawa la Burka, utaikuta karakana ya Shanga, ambako watu wenye ulemavu, viziwi wakiwemo, wanageuza chupa tupu kuwa shanga na bilauri ambazo watalii wanabeba hadi kwao. Wa kufundisha walimu, wa kufundisha vijana na wa kuajiri, wote wako ndani ya safari ya hiace moja. Pa kukutana hawana, isipokuwa semina, na huko kila mmoja anapewa dakika tatu kwa sababu mgeni rasmi amechelewa.

Yule binti wa Ngarenanyuki naye hakosi mwamko. Ana mtoto. Tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu aliyejifungua kurudi shule, lakini ruhusa hainyonyeshi. Wapo waliolitazama jambo hilo kwa macho: baadhi ya vyuo vya maendeleo ya wananchi, vile vilivyoanzishwa mwaka 1975 kwa mfano wa Sweden, vimeweka chekechea pale pale chuoni. Mama anaingia kwenye somo la kushona, mwanawe anaingia chumba cha pili kucheza. Gharama yake ni chumba, mkeka na mlezi. Kwenye semina nyingi nilizokaa, mkeka haujapata kutajwa kwenye bajeti.

Na wale morani wanaolinda mageti ya Njiro usiku kucha, wengi hawakumaliza shule. Lindo linaisha alfajiri, darasa linaanza saa mbili asubuhi. Wawekewe la saa tisa alasiri. Zaidi ya hapo sina neno.

Ndugu Mkurugenzi, endapo ombi langu la kusajili fani ya semina litakataliwa, na nimejiandaa kulipokea hilo kwa moyo mzito, basi nina ombi mbadala lisilohitaji mgeni rasmi. Chukueni fedha ya semina moja, moja tu, ya siku tatu, na chai yake. Mlipeni mkalimani wa lugha ya alama awepo kila siku mafundi wa mtaani wa Arusha wanapopimwa. Kinachobaki kinunue saruji ya mteremko na cherehani za kuzungushwa kwa mkono. Tangazo la tarehe ya kupimwa libandikwe Unga Limited, Kilombero na Usa River, si kwenye tovuti peke yake. Kijana wa vitanda atakuja na randa yake mwenyewe.

Nawasilisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwananchi na mshiriki wa semina wa muda mrefu,
Ngarenaro, Arusha.

Nakala: Wadau wote, kwenye kabrasha.