Profesa wa Batha Afafanua Plastiki

Ndugu madereva, mayaya, mafundi wa viyoyozi, na wewe uliyefuata harufu ya biriani: tulieni. Mbele yenu amesimama bingwa wa plastiki kuanzia Batha hapa Riyadh mpaka Balad kule Jeddah. Cheo hiki nimejivika mwenyewe, kwa kuwa sikuona mwenye hadhi ya kunivika.

Mji huu ni makao makuu ya SABIC, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1976, inayogeuza mafuta na gesi kuwa plastiki. Hawajaniita hata kwa kahawa. Nimewasamehe.

Sikilizeni. Plastiki hizi zetu zina kitu kiitwacho halijoto ya mpito wa kioo, kila moja na yake. Chini ya hapo minyororo ya molekuli imebanana kama abiria wa matatu saa moja asubuhi, hakuna wa kugeuza hata shingo. Kitu kinakuwa kigumu. Joto likivuka hapo, minyororo inapata upenyo na kitu kinalegea. Kinalegea, nimesema! Atakayesema kimeyeyuka atoke akasimame juani.

Chupa ya maji ni PET, mpito wake nyuzi 70 na kitu. Jeddah ilifika nyuzi 52 mwezi Juni 2010, na chupa zilisimama wima. Lakini funga vioo vya gari adhuhuri, dashibodi ikapigwa na jua, uone chupa inavyojikunyata. Na kile kishikio cha simu alichochapa kijana wetu kwa mashine? Ni PLA, nyuzi 60 tu. Kiliinama kabla ya adhana ya alasiri.

PVC ndiyo yenye vituko. Ikiwa peke yake hulegea karibu na nyuzi 80, ndilo bomba gumu la maji. Itie kilainishi cha kutosha, mpito unashuka chini ya sifuri, unapata mpira wa kumwagilia bustani. Ila kilainishi hakikai: joto linakifukuza kwenye dashibodi, kinatanda kioo cha mbele kama utando wa mafuta, nawe unapangusa huku ukilaani vumbi la watu.

Mmoja wenu, simtaji, aliangusha ndoo uani alfajiri ya Januari, ikapasuka, akaitukana China. China imeonewa! Ndoo ni polipropilini, mpito wake chini kidogo ya sifuri, na Riyadh iko juu ya mita 600, usiku wa baridi hukaribia sifuri hiyo. Jua la kiangazi nalo lilishaichakaza. Ndoo mpya ikianguka Jeddah inadunda tu.

Swali? La chai. Kikombe hiki cheupe chepesi ni polistirini, mpito nyuzi 100, kwa hiyo chai inavumilika. Mafuta ya sambusa yanapita 150. Kwa hiyo aliyeyamimina humu alete kitambaa afute meza, na suruali yangu.