Jogoo wa Mfukoni

Usiku wa kesha, Desemba 31, mchungaji wetu hapa Kibwezi alihubiri juu ya Paulo na Waefeso, ile habari ya kuukomboa wakati. Huku kwetu mtu akikwambia amekomboa, unaelewa amepata chumba cha kupanga. Basi nikatoka kanisani nikiamini kwamba wakati ni plot, mwenye plot ni Mungu, na mimi nadaiwa kodi ya miaka 46.

Januari 2 nikanunua shajara yenye jalada jekundu, nikaikatakata siku kama sukuma wiki. Maombi saa kumi na moja alfajiri. Neno nusu saa. Shamba, duka, chakula cha mchana dakika 20, wagonjwa Alhamisi. Mke wangu alijitafuta kurasa tatu nzima asijione. Nikamtia kwa penseli, Jumamosi jioni, baada ya kuogesha mbuzi.

Kengele ya simu niliitega mwenyewe, na mlio nikachagua wa jogoo. Saa kumi na moja, nikabonyeza 11:00. Najua, najua: kwenye simu alfajiri hiyo ni 5:00, hata mtoto wa chekechea anajua. Lakini nilikuwa na usingizi, na mimi huhesabu saa kuanzia macheo na machweo kama nilivyolelewa.

Jumapili, tukiwa kwenye matangazo, mzee wa kanisa akasimama kuuliza ni nani aliyechukua toroli la kubebea kokoto za choo kipya. Toroli lilikuwa kwangu, nyuma ya zizi, nimelifunika gunia. Kulirudisha nilikusudia, lilikuwa ndani ya shajara, Jumanne. Ila macho yaliponigeukia, ulimi ukatangulia.

"Mimi sijui habari za toroli hilo."

Jogoo akawika mfukoni mwangu.

Kanisa zima likanyamaza. Kisha nyanya mmoja wa benchi la mbele akasema taratibu, "Marko anasema mara mbili."

Na Marko kwetu si mgeni. Mmisionari Krapf alimtia katika Kikamba, akachapishwa kule Tübingen, Ujerumani, mwaka 1850, kwa hiyo wajukuu wa wasomaji wake wamepata muda wa kutosha kuhesabu yule jogoo aliwika mara ngapi. Nilipapasa mfukoni, nikabonyeza kitufe cha kwanza kilichokutana na kidole. Kumbe nimeiambia simu isubiri kidogo. Mchungaji alipofumba macho tu kuombea sadaka, ikawika ya pili. Toroli lilirudi alasiri ile ile, nami nikilisukuma kwa njia ya nyuma.

Kesho yake asubuhi kijana wa jirani akanirekebishia simu. Akatazama ile 11:00, akaitoa mchana, akaiweka usiku. Akaridhika. Nami nikaridhika, maana nilikuwa na haraka: shajara ilisema, "Mwaitu, Ikutha, saa nne hadi saa sita," yaani kwa mama yangu.

Kutoka Kibwezi hadi Ikutha ni lami tupu siku hizi. Gari likishang'oa, unavuka Mto Athi kabla hujamaliza njugu za shilingi ishirini. Kazi ni ling'oe. "Bado wawili!" alipiga kelele makanga saa mbili na nusu. Saa nne walikuwa bado wawili, sijui ni wawili wale wale. Wamisionari wa Scotland walifika Kibwezi mwaka 1891, wakahamia Kikuyu mwaka 1898, na vitabu vinailaumu malaria. Mimi niliyekaa ndani ya matatu hapo stendi nashuku walikuwa wakisubiri gari lijae.

Nilifika saa nane. Mama hakuniuliza nimechelewa wapi. Alinitazama, akatazama shajara kwapani, akanipa fimbo. Ndengu zilikuwa zimeanikwa juu ya turubai, maganda meusi yamekauka yanapasuka yenyewe, nasi tukaanza kuzipiga, yeye upande huu na mimi upande ule. Saa tisa tukamaliza, nikavaa viatu.

"Unaenda wapi? Hazijapepetwa."

Akashika uteo, akasimama akiwa ameinua uso. Hakukuwa na upepo. Tukaketi kuungoja chini ya mwembe. Shajara yangu ina nafasi ya kila kitu isipokuwa upepo. Ulikuja saa kumi na moja jioni, kidogo kidogo, kama mtu anayedaiwa, na makapi ya mwisho yalipotua gari la mwisho lilikuwa limeshapita. Tukala muthokoi, tukalala.

Usiku simu ikawika. Jogoo wa mama, ambaye hajawahi kupingwa katika boma lile, akaamka akajibu kwa hasira. Wa jirani akamjibu. Mara kijiji kizima kinawika.

"Amka, mwanangu, tuombe," mama aliita, akiwa keshawasha koroboi.

Tukapiga magoti. Mama aliombea mvua, ndengu, bei ya ndengu, madalali wa ndengu watubu, binamu zangu wote kwa majina hadi wa Mutomo, na walioko Mombasa ambao hawapigi simu. Aliomba hadi goti langu la kushoto likafa ganzi. Alipomaliza akafungua mlango aone kumekucha vipi. Nje giza, nyota zimejaa, na jogoo wake keshalala zamani.

Akanigeukia, akainyooshea kidole simu yangu.

"Hii ni ya dhehebu gani?"