Namna ya Kujaza Faili la Mteja Baada ya Masaji

Hongera. Umemaliza kumchua mpanda mlima wa nne leo, hapa Moshi, na dada wa mapokezi amekuletea faili. Nawa mikono kwanza. Hutanawa, ndiyo maana kurasa zote zinanukia mchaichai na maandishi ya nyuma yanasomeka mbele.

Fuata zile sehemu nne tulizorithi kwa daktari Mmarekani Lawrence Weed tangu miaka ya 1960: alichosema mteja, ulichokiona na kukigusa, unavyolielewa tatizo, na mtakachofanya. Usiandike "miguu". Aliyeteremka Kilimanjaro, mita 5,895, lazima miguu imuume. Uliza ni paja au goti, tangu lini, na maumivu ni ngapi kati ya 0 na 10. Atasema 7. Wote husema 7. Ukimaliza uliza tena: atasema 2, huku anatafuta kiatu. Andika 2, usijivune.

Uliza presha, ujauzito, dawa za kuzuia damu kuganda, mzio wa lozi. Atajibu "hakuna" kabla hujamaliza swali. Ukifika kwenye goti ndipo atakumbuka kwamba liliwahi kupasuliwa. Mwachie mistari mitatu. Lakini akiwa katoka kwenye ndege ya masafa marefu, na shavu la mguu mmoja limevimba, lina joto na linauma, usilikande. Huenda damu imeganda mshipani. Mpeleke hospitali, andika na saa. Meneja atauliza nani analipia huduma ambayo haikufanyika. Liandike na hilo.

Sasa zungushia duara panapouma kwenye mchoro wa mwili. Kuna watu wawili: mmoja kakupa uso, mwingine mgongo. Bega la kushoto la aliyekupa mgongo liko kushoto kwako. La anayekutazama liko kulia kwako. Rudia kusoma. Vinginevyo kesho mwenzako atalikanda dakika 40 bega lisilo na hatia.

Ukikosea, piga mstari mmoja, weka tarehe na sahihi. Tipeksi ni marufuku. Iko kwenye droo ya pili.

Faili lifungie kabatini. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na habari za afya ya mtu ni taarifa nyeti. Kwa hiyo usipige picha ukurasa ukautuma kwenye kundi la WhatsApp la kazini, hata kama unauliza tu "jamani, huu ni mwandiko wa nani?" Ufunguo wa kabati umetundikwa kwenye msumari, ubavuni mwa kabati.

Mwisho, kanuni isiyoandikwa popote lakini inayofuatwa na wote: ukichelewa, andika "kama juzi". Kabla ya hapo, fungua uone juzi paliandikwa nini. "Kama kawaida." Rudi nyuma zaidi. "Kama mwanzo." Endelea mpaka ukurasa wa kwanza, ambao umemwagikiwa chai. Mteja wa tano ameshavua viatu. Andika "kama juzi", na sahihi yako isisomeke.