Mji Usiogonga Dirisha

Ukiwasikiliza watu waliokwenda Kigali kwa barabara, wawe wametoka Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, utadhani wamevuka Sahara. Barabara safi, taa zinawaka, vilima vinapendeza, lakini chakula hakuna. Mtu kazunguka mjini nusu siku, kaishia kula biskuti alizonunua Kahama. Kwamba jangwa hilo liko kwenye mwinuko wa kama mita 1,500, linapata misimu miwili ya mvua na limezungukwa na migomba, hilo halimtikisi mlalamikaji. Mimi nasema njaa yake ni ya kweli, ila sababu anayoitoa si yenyewe. Kigali ina chakula tele. Isichokuwa nacho ni chakula kinachomkimbilia mtu, na msafiri wetu amelelewa na barabara inayomkimbilia.

Tazama malezi yenyewe. Basi likiingia Msamvu, Morogoro, dirisha linagongwa kabla injini haijatulia: mayai ya kuchemsha, korosho, maji baridi, na kijana anayekimbia sambamba na gari akiwa na chenji yako mkononi. Anayetoka Nairobi amepita Kikopey, ambako moshi wa nyama choma unapanda gari bila nauli. Wa Kampala amepita Lukaya, kwenye barabara ya Masaka, ambako kuku wa kwenye kijiti na gonja ya kuchoma hupenyezwa dirishani kwa kasi kiasi kwamba abiria anajikuta anatafuna kabla hajaamua kununua. Mtu wa namna hii hajawahi kutafuta chakula safarini. Kazi yake imekuwa kukikataa. Kisha anavuka Rusumo au Gatuna, na mambo matatu yanabadilika kwa mkupuo. Magari yanahamia kulia, na basi lake lenye mlango kushoto linaanza kumteremshia upande ambao magari yanapita. Saa inarudi nyuma kwa saa moja, kwa kuwa Rwanda haifuati saa za jirani zake wa mashariki. Na dirisha linanyamaza.

Ukimya huo una sababu mbili, na si vizuri kuzichanganya. Ya kwanza ni sheria: uchuuzi wa mitaani umepigwa marufuku Kigali, na anayenunua anaweza kutozwa faini pamoja na anayeuza. Ya pili ni desturi, na ni kongwe kuliko sheria: kwa Wanyarwanda wengi, hasa wa makamo, mtu mzima kutembea njiani huku anatafuna ni kukosa adabu. Chakula kina mahali pake, nako ni ndani, umekaa. Kwa hiyo msafiri anayepanda kutoka stendi ya Nyabugogo kuelekea mjini huku akimega ndizi yake anatazamwa sana, naye anadhani wamelipenda shati lake.

Tuseme basi ameelewa, ameingia ndani. Hapo ndipo vituko vinapoanza hasa, maana mlo wa mchana wa Kigali ni melanji, na melanji ina katiba yake. Kwanza, aliyefika saa sita ya tumbo lake amefika saa tano ya mji, na masufuria bado yamefunikwa. Anasubiri. Vifuniko vinaondolewa, naye, kwa kuwa amezoea bufee za kwenye semina, anachota wali vijiko viwili na majani kidogo, kwa heshima, akipanga kurudi. Hakuna kurudi. Melanji ni mzunguko mmoja, sahani moja, bei moja. Nyama hujipakulii: kuna mtu amesimama pale na upawa wake, anakuwekea kipande, labda viwili, na macho yake hayatambui undugu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wenyeji wanalijua hilo, hivyo wanajenga kwa utaalamu wa waashi: viazi na ndizi kama msingi, wali juu yake, maharage ya kuziba nyufa, isombe na mboga ya dodo pembeni kuzuia maporomoko, tambi popote penye upenyo. Karani aliyevaa tai anaubeba mnara huo hadi mezani bila kudondosha punje, anakula taratibu, anamaliza. Mgeni anamtazama akiwa na sahani tupu. Na hili ndilo jangwa analokwenda kusimulia nyumbani.

Jioni ni zamu ya burusheti, na hapa anayeponzeka zaidi ni mtu wa Dar. Mishikaki anayoijua ni vipande vinne vidogo kwenye kijiti, kwa hiyo anaagiza kumi. Burusheti ya mbuzi ya Kigali ni chuma kirefu chenye minofu mikubwa, vitunguu na hoho, na wengi huridhika na moja au mbili pamoja na viazi au ndizi za kuchoma. Mkenya anakosea kwa njia yake: anauliza bei ya kilo. Mwingine anasikia neno zingalo, analipenda mlio wake, analiagiza, na anagundua baadaye kwamba ni utumbo wa mbuzi, mtamu kwelikweli kwa aliyejiandaa. Kabla ya yote hayo kuna kungoja, wakati mwingine saa nzima, bila mtu kuja kuomba radhi, kwa kuwa hakuna anayeona kosa. Umeagiza, moto unafanya kazi yake. Aliyezoea kuku wa dakika moja dirishani anachukulia kwamba amesahauliwa.

Wapo watakaonipinga kwamba nalipamba jambo lisilo na urembo. Mji haukunyamaza wenyewe, watasema. Umenyamazishwa, na waliolipia ni akina mama wenye beseni za parachichi wanaoishi kwa kukimbizana na askari. Hilo ni kweli, na sina hamu ya kulipunguza. Wachuuzi bado wapo, na ukitulia utawaona wakipotea kwenye kona mara tu gari fulani linapotokea. Lakini hoja hiyo inaeleza shida ya muuzaji. Haielezi kwa nini mgeni mwenye pesa alale njaa hatua chache kutoka kwenye melanji. Wapo pia, wengi wao wa pwani, wanaosema tatizo ni ladha: hakuna nazi, hakuna iliki, isombe ni kisamvu kilichosahau kuungwa nazi. Nakubali kuhusu nazi. Kuhusu ukali, mezani pana kichupa kidogo chenye mdomo wa kudondoshea, Akabanga, mafuta ya pilipili ya Sina Gérard wa Nyirangarama, kwenye barabara ya Musanze. Mwenyeji hudondosha tone moja, mawili akiwa na hasira. Mgeni wa pwani, aliyekuja kulalamikia upole wa chakula, huminya. Mjadala wa ladha kwa kawaida huishia hapo, pamoja na uwezo wa kuzungumza.

Dawa ya minyo hiyo ni maziwa, na hilo ni eneo ambalo Kigali haina mpinzani njiani kote. Maduka ya maziwa yako kila mtaa, na wanaume wazima huketi humo jioni na kikombe kikubwa cha ikivuguto, mgando mzito na baridi, na chapati pembeni, bila kumwonea mtu haya. Anayetaka kuanza kwa upole aende Nyamirambo, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya mtaa miongo mingi kabla ya kuwa lugha rasmi ya nchi mwaka 2017. Au Biryogo, mtaa wa zamani wa Waislamu, ambako barabara imefungiwa magari, ikapakwa rangi, na meza zikatolewa nje. Hata huko utakaa kwanza ndipo ule. Asipange tu kuingia mjini asubuhi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, maana ni siku ya umuganda, watu wanafanya usafi na ujenzi wa pamoja, na barabara na maduka husimama kuanzia saa mbili hadi saa tano. Hiyo ni saa tano ya Kigali. Tumbo lililotoka Dar litakuwa linasoma saa sita.